Neno "kwa hiari" kwenye karatasi ya kantini

Karatasi zilikuwa zimepangwa kwenye meza ya kantini, juu ya kitambaa cha plastiki chenye maua, na pembeni yake kalamu mbili za bluu. Ilikuwa Alhamisi, tarehe 31 Agosti 2023, saa nane mchana. Tulikuwa 23 wenye mikataba. Afisa utumishi alisema kiwanda kimeelemewa, hali ya biashara ni mbaya, uongozi umeamua kupunguza watu, na kila atakayesaini anachukua bahasha yake palepale. Ndani ya bahasha mlikuwa na mshahara wa mwezi mmoja na laki moja ya shukrani.

Nilikuwa wa nne kwenye foleni. Nina watoto watatu, mkubwa alikuwa kidato cha tatu, na kodi ya nyumba kule Nkuhungu, Dodoma, ilikuwa inaisha Septemba. Nikashika kalamu. Mzee wa boila, aliyekuwa nyuma yangu, akanyoosha mkono na kuweka kidole kwenye mstari wa pili wa karatasi, kidole chake kile chenye kovu la mvuke, wala hakusema kitu. Nikasoma: nimeamua kwa hiari yangu kusitisha ajira.

Nikauliza, "Kaka, hapa si pameandikwa nimeacha kazi mwenyewe?"

"Ni utaratibu tu, dada. Maneno ya kiofisi hayo. Saini, wenzako wanasubiri."

Nikairudisha kalamu mezani. Mikono ilikuwa inanitetemeka. Kati yetu 23, walisaini 14. Sisi tisa tulitoka getini mikono mitupu, na jioni ile, nikiwapikia watoto ugali na mlenda, niliwaza kama nimefanya ujinga. Nimeamua kuyaandika haya kwa sababu hadi leo naona watu wanasaini karatasi za namna ile, na maneno yale mawili, kwa hiari, ndiyo yaliyoamua nani kati yetu atapata msaada na nani hatapata.

Nianze na kazi yenyewe. Kiwanda kilikuwa Kizota, tunakamua alizeti. Niliingia mwaka 2013 kama kibarua wa kufungasha: unashika dumu chini ya bomba, likijaa unaliondoa, unalifunga kifuniko, unalifuta kwa kitambaa, unachukua jingine. Julai 2016 nikapewa mkataba. Mshahara wangu wa msingi hadi naondoka ulikuwa shilingi 260,000.

Mtu asiyejua mafuta anaweza kudhani kiwanda hukamua mwaka mzima. Sivyo. Alizeti inavunwa kuanzia Mei, malori yanashuka kutoka Kongwa, Mpwapwa, Kondoa, mengine Singida, na hapo ekspela, zile mashine za kukamua, hazizimwi usiku wala mchana. Joto la pale ndani linabana kifua, na harufu ya mbegu zilizochemshwa inaingia kwenye nywele, hata ukioga haitoki. Kuelekea mwisho wa mwaka mbegu zinakata. Vibarua wanarudishwa nyumbani, wenye mikataba tunabaki tukisafisha mitambo na kupaka rangi. Kwa hiyo tulikuwa tumezoea kuona kiwanda kikinyamaza. Kila mwaka kilinyamaza, kila mwaka kiliamka. Ndiyo maana siku ile wengi hawakuona kuwa safari hii ni tofauti. Dada mmoja alisaini huku akisema, "Mei wataniita tu."

Tofauti tuliiona sisi tuliokuwa stoo. Mwaka 2022 vita ya Ukraine ilipoanza, na Indonesia ikazuia kwa wiki kadhaa kuuza mawese nje, mafuta yalipanda bei kila mahali. Ukraine ndiyo iliyokuwa kinara wa kuuza nje mafuta ya alizeti duniani, basi mtu wa Dodoma akijua hilo anaelewa kwa nini tulifanya kazi hadi usiku wa manane. Halafu bei za dunia zikaporomoka. Mwaka 2023 wakulima wa huku walikuwa wamelima alizeti nyingi kwa matumaini ya bei ya mwaka uliopita, wakakuta bei imelala chini. Na sisi tukakuta madukani mafuta ya nje yamejaa.

Asubuhi moja ya Julai nilikwenda soko la Majengo kununua vitu vya nyumbani. Baridi ya Dodoma mwezi huo mnaijua. Dukani kulikuwa na madumu mawili ya lita tano yamewekwa pamoja. Moja limeganda, jeupe hadi katikati kama samli. Jingine linaona upande wa pili, rangi ya asali changa. La kuganda ni mawese, hilo la pili ni letu. Mwenye duka, baba mmoja wa makamo, akaniambia, "Mama, mimi mwenyewe nyumbani natumia hili la alizeti. Lakini mteja anauliza bei kabla hajauliza jina. Kwa wiki nauza kumi ya haya meupe, la kwenu moja." Nilirudi kiwandani nikahesabu madumu yaliyorundikwa stoo, nikajua.

Simlaumu baba yule, wala mama anayenunua mafuta ya bei nafuu, maana hata mimi baadaye niliyanunua. Ninachosema ni kwamba bei ya mafuta katika nchi hii haiamuliwi na soko peke yake. Zaidi ya nusu ya mafuta tunayokula yamekuwa yakitoka nje, na ushuru wake unapangwa kwenye bajeti. Bajeti ya 2018/19 iliupandisha, mafuta ghafi asilimia 25, yaliyosafishwa asilimia 35, na siku ile tulipiga makofi kantini. Bajeti husomwa Juni, bungeni, mji uleule tunaoishi. Ushuru ukipanda, mlaji anaumia. Ukishuka, mkulima wa alizeti na mfanyakazi wa kiwanda wanaumia. Serikali ina haki ya kuchagua. Lakini ikishachagua, yule aliyeumia anastahili mtu wa kumuuliza: wewe umeangukia wapi?

Sisi tisa tuliangukia kwenye benchi la Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi. Kiongozi wa tawi la chama chetu cha wafanyakazi alituelekeza huko siku ya tatu. Alikuja na nakala ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, imechakaa, kurasa zimeshikiliwa na gundi, akakaa nasi chini ya mwarobaini.

Alitusomea kwamba mwajiri akitaka kupunguza watu kwa sababu za kiuchumi, anatakiwa kutoa taarifa mapema, tangu anapofikiria jambo hilo, aeleze sababu, halafu akae na chama au wafanyakazi wenyewe wajadiliane: je, kuna njia ya kuepuka, nani apunguzwe na kwa kigezo gani, lini, na malipo yawe nini. Kwetu kikao kilichukua dakika ishirini, na karatasi zilikuwa zimeshachapishwa. Akatusomea stahiki: notisi ya siku 28 au malipo yake, siku za likizo ulizobakiza, kiinua mgongo cha siku saba kwa kila mwaka uliokamilisha, ukomo miaka kumi, nauli ya kurudi ulikoajiriwa kama ulitolewa mbali, na cheti cha utumishi.

Nikapiga hesabu yangu kwenye udongo kwa kijiti. Mshahara 260,000, ukigawa kwa siku 26 za kazi, siku moja ni 10,000. Miaka saba mara siku saba ni siku 49. Kiinua mgongo 490,000, notisi 260,000. Jumla 750,000, likizo bado. Bahasha ya kantini ilikuwa na 360,000.

Halafu akasema jambo ambalo naomba kila anayesoma alishike. Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali yanapelekwa Tume ndani ya siku 30. Siku 30 tu. Ukipitisha, inabidi kwanza uombe kusikilizwa nje ya muda na utoe sababu nzito. Wenzetu wawili kati ya wale 14 walikuja kuona wameponzwa, lakini walikuja Novemba. Mmoja alikuwa amekwenda kwao Iramba kumuuguza mama. Siku 30 ni kidogo sana kwa mtu aliyepoteza kazi. Wiki ya kwanza unalala. Ya pili unatafuta kibarua kingine, ya tatu unamficha mwenye nyumba, na ukija kuinua kichwa mwezi umekwisha.

Tulijaza fomu namba moja, tukapeleka nakala kwa mwajiri, tukaitwa kwenye usuluhishi. Sitarefusha hapa. Mwajiri alikubali kulipa stahiki zote na mishahara miwili juu yake, na akatoa barua inayosema tumepunguzwa kazi. Niliishika ile barua kwa furaha kuliko pesa. Nitaeleza kwa nini.

Zamani mtu akiacha kazi alichukua michango yake yote kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, yaani NSSF kwa sisi wa viwandani, watu wanaita kujitoa. Tangu mabadiliko ya sheria za hifadhi ya jamii ya mwaka 2018 kuna fao la kukosa ajira. Kwa mwanachama aliyechangia angalau miezi 18, ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita. Kwangu ilikuwa shilingi elfu themanini na sita na kitu kila mwezi. Hazitoshi kodi na chakula, lakini zililipa kodi. Na sharti ni kwamba hukuacha kazi mwenyewe. Mtu mwenye karatasi ya "kwa hiari" anajibiwa kuwa aliacha. Wale 14 mlango huo ulifungwa siku ileile pale kantini, kwa kalamu ya bluu, na wengi wao walijua miezi mitatu baadaye.

Pale NSSF ndipo nilipokuta pigo la pili. Binti wa kaunta alifungua taarifa yangu, akaigeuza skrini nione. Michango inashuka mwezi kwa mwezi, vizuri, hadi Novemba 2022. Kuanzia Desemba, hakuna kitu. Miezi tisa mitupu. Kila mwezi slipu yangu ya mshahara ilionyesha 26,000 imekatwa, na mwajiri alitakiwa kuongeza kiasi hicho hicho, asilimia 10 yangu na 10 yake. Nilikatwa, lakini haikufika. Mimi nilivuka sharti la miezi 18 kwa sababu ya miaka ya nyuma. Mwenzangu mmoja wa maabara, binti mdogo, mkataba wake ulikuwa na miezi 24. Ukitoa tisa, amebaki na 15. Alikosa kwa miezi mitatu ambayo pesa yake ilikuwa imeshakatwa. Alilia pale nje, chini ya mti, hadi mlinzi akamletea maji.

Tangu hapo nimekuwa msumbufu kwa kila mtu niliye naye karibu: angalia michango yako. Leo unaweza kuiangalia kwenye simu, huhitaji hata nauli. Na zile slipu usifungie vitumbua. Binti yule wa maabara aliokolewa na slipu zake 24, alizokuwa ameziweka kwenye Biblia ya mama yake. Ndizo zilizofanya mwajiri abanwe, akalipa miezi minne ya kwanza, na binti akavuka.

Sasa niseme habari ya vibarua, maana hao ndio wananiuma zaidi. Wakati sisi 23 tunaitwa kantini, kulikuwa na vibarua karibu 40 ambao hawakuitwa popote. Waliambiwa getini, "Leo hakuna kazi," na kesho yake vilevile, hadi wakaacha kuja. Wengine walikuwa na miaka minne pale. Hawakuwa na barua, mkataba wala mchango. Kila mtu, hata mimi, tuliamini hawana haki yoyote.

Kumbe Sheria ya Taasisi za Kazi inasema mtu aliyemfanyia kazi mwingine kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita anahesabiwa kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo. Saa 45! Vibarua wetu walizimaliza ndani ya wiki moja. Shida ikawa kuthibitisha. Dada mmoja wa kupakia mashudu, yale makapi yanayobaki mbegu zikishakamuliwa, alikuwa na daftari la kurasa 48, jalada limetoka, kila siku ameandika tarehe na idadi ya magunia, na supavaiza ameweka saini pembeni, maana walikuwa wakibishana kuhusu malipo ya Jumamosi. Hakuliweka kwa ajili ya sheria, aliliweka kwa ajili ya kudai elfu saba yake. Kiongozi wetu wa tawi alipoliona daftari lile alilishika kwa mikono miwili. Kwa daftari hilo dada alipatana na mwajiri, akalipwa notisi na kiinua mgongo. Mmoja, kati ya 40.

Mpwa wangu anasoma sheria Chuo Kikuu cha Dodoma. Siku moja alikuja nyumbani akaniambia, "Shangazi, Marekani walikuwa na sheria ya watu kama nyie." Nikadhani ananiliwaza. Akanifungulia, akanitafsiria. Ilianza mwaka 1962 wakati wa Rais Kennedy, ikapanuliwa mwaka 1974. Wazo lake lilikuwa hivi: nchi ikifungua biashara na mataifa mengine, inafaidika yote, lakini kuna watakaopoteza kazi, na si haki hao wachache wabebe mzigo peke yao. Wafanyakazi watatu tu wa kiwanda kimoja waliweza kuandika ombi. Wizara ya kazi inachunguza: je, bidhaa za nje zimechangia watu hawa kupoteza kazi? Ikithibitika, wanalipiwa mafunzo, wanapewa posho wakiwa darasani baada ya fao la kawaida kwisha, wanasaidiwa gharama za kutafuta kazi na hata za kuhama. Mwenye miaka 50 na zaidi akipata kazi ya mshahara mdogo kuliko wa zamani, anafidiwa nusu ya pengo, hadi dola 10,000 kwa miaka miwili.

Nilimwuliza kama bado ipo. Akasema muda wake ulikwisha, na tangu tarehe 1 Julai 2022 maombi mapya hayapokelewi. Wapo waliosema mafunzo yale hayakuwarudisha watu kwenye mshahara wa zamani. Sijui ningejifunza nini mimi kwa miezi sita kikanilipa 260,000. Lakini lile swali la wizara sijalisahau. Mtu anakuja kiwandani kuuliza, ni bidhaa za nje? Barua yangu inasema "hali ya biashara". Hakuna kitabu chochote nchini kilichoandika kwamba mwaka ule, Kizota, watu 60 na zaidi walipoteza kazi kwa sababu ya mawese. Sisi huku hatuna mlango wa aina hiyo. Tuna mlango mmoja wa wote, yaani sheria ya kazi na mfuko, na vibarua hawaufikii.

Milango mingine niliijaribu. Mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ambayo wanawake tuna asilimia nne, vijana nne na wenye ulemavu mbili, ilikuwa imesitishwa tangu Aprili 2023. Kazi yangu ikaisha Agosti. Nilisubiri hadi iliporejea mwaka 2024, na kikundi chetu cha wanawake watano kikapata. Tunauza mashudu. Hicho ndicho ninachokijua: nikivunja kipande nikakinusa najua kama ni ya wiki hii au yamelala, na kama yameungua kwenye ekspela. Tunanunua kwa wakamuaji wadogo wa Kibaigwa, tunawauzia wafugaji wa ng'ombe wa maziwa na kuku.

Fundi wa malori ya kiwanda, aliyejifunzia chini ya lori tangu utotoni, alipimwa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, kupitia ule mpango wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, akapewa cheti. Gereji iliyomkataa mwanzo ikamchukua. Mzee wa boila alikuwa na miaka 58, akaomba pensheni yake akarudi Mpwapwa. Nikimpigia simu namsalimia shikamoo, ananijibu, halafu anauliza swali lilelile: "Tisa yako imetimia?"

Anaulizia ile miezi tisa. Hadi naandika, sita imeingia. Tatu bado, Juni, Julai na Agosti. Barua ya kufuatilia niliipeleka Jumatatu, nikagongewa muhuri kwenye nakala, na nakala nimeiweka kwenye mfuko wa nailoni pamoja na slipu.